Wimbi moja kwa jicho na kwa sikio: jibu kwa mtunzi anayetaka kuchora muziki wake kwa leza

Swali la msomaji: "Ninatunga muziki wa elektroniki kwa kompyuta. Nimetazama maonyesho ambamo miale ya leza inachora maumbo yanayokwenda pamoja na sauti kiasi kwamba sikuweza kujua kipi kinamwongoza mwenzake. Je, ni kweli kwamba sauti yenyewe ndiyo inayochora? Nilipopitisha wimbo wangu uliokamilika kwenye projekta ya leza ya rafiki, nilipata fundo la mistari inayotetemeka, lisilo na umbo lolote. Kasoro iko wapi, nami nianzie wapi?"

Ndiyo, ni kweli, ingawa si katika kila onyesho. Ndani ya projekta ya leza mna vioo viwili vidogo, na kila kimoja kimefungwa kwenye galvanomita, yaani mota isiyozunguka mfululizo bali inayogeuka pembe fulani kulingana na volteji inayopelekewa. Kioo cha kwanza huusogeza mwale kushoto na kulia, cha pili huusogeza juu na chini. Sasa kumbuka kwamba spika nayo husukumwa na kuvutwa na volteji inayopanda na kushuka. Basi ishara ya chaneli ya kushoto ikigawanywa, sehemu moja ikaenda kwenye spika na nyingine kwenye kioo cha kwanza, na ya kulia ikafanyiwa vivyo hivyo kwa kioo cha pili, hakuna kinachomfuata mwenzake. Unachosikia na unachoona ni mwendo mmoja wa umeme, uliojitokeza mara moja kama mtikisiko wa hewa na mara nyingine kama njia ya nuru.

Jambo hili lina umri mkubwa kuliko leza. Katika miaka ya 1850 mwanafizikia Mfaransa Jules Antoine Lissajous aliwekea vioo vidogo uma za chuma zinazotumika kupatanisha ala za muziki, akaakisi mwanga kutoka uma mmoja hadi mwingine, akaona ukutani mapindo na vitanzi ambavyo hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960, na miaka tisa tu baadaye, mwaka 1969, mtunzi Lowell Cross akishirikiana na mwanafizikia Carson Jeffries na mwanamuziki David Tudor walionyesha huko Mills College, Oakland, mfumo ambamo ishara za sauti za elektroniki zilitikisa vioo vilivyoongoza miale ya rangi. Mwaka uliofuata mfumo wa namna hiyo ulipelekwa katika banda la Pepsi kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka. Nayataja haya ili ujue kwamba swali lako ndilo swali la kwanza la sanaa hii, na waliotangulia walilijibu kwa kutunga upya, si kwa kuchomeka wimbo uliokwisha kutungwa.

Hapo ndipo kasoro yako ilipo. Wimbo uliokamilika umepangwa kwa ajili ya sikio peke yake. Besi, ngoma na sauti kuu kwa kawaida huwekwa katikati, maana yake chaneli zote mbili hubeba kitu kile kile. Na vioo viwili vinapopokea volteji ileile kwa wakati uleule, mwale hauwezi kufanya lolote ila kwenda na kurudi juu ya mstari mmoja uliolala mshazari. Juu ya mstari huo hurundikana tofauti ndogondogo za chaneli mbili, mwangwi ulioongezwa ili kutoa hisia ya ukumbi, matoazi yenye masafa ya juu (mitikisiko mingi mno kwa sekunde) ambayo vioo haviwezi kuyafuata, na ala kumi zinazolia pamoja bila uhusiano wa kudumu kati ya mawimbi yao. Fundo uliloliona ndilo picha sahihi ya wimbo wako. Projekta haikukosea, na hakuna kifaa cha kununua kitakacholifungua fundo hilo.

Tofauti kubwa kuliko zote kati ya jicho na sikio katika kazi hii ni namna kila kimoja kinavyoshughulika na fezi, yaani mahali ambapo wimbi moja limefika katika mzunguko wake wakati jingine linaanza. Sikio kwa sehemu kubwa haliijali. Jicho, likitazama mwale, haliachi kuiona hata kidogo. Chukua mfano ambao unaweza kuujaribu leo. Peleka kwenye chaneli ya kushoto wimbi la sini, yaani wimbi laini la sauti moja tupu, la hezi 100 (mitikisiko 100 kwa sekunde), na kwenye ya kulia wimbi la sini la hezi 200. Sikio linasikia oktavu tupu. Mawimbi hayo yakianza pamoja kutoka sifuri, mwale utachora umbo la nane lililolala. Sasa usibadilishe masafa wala ukubwa, bali lisogeze wimbi la kulia kwa robo ya mzunguko wake. Sikio litakuambia kwamba hakuna kilichotokea. Lakini ile nane imefunguka na kuwa upinde mmoja, mfano wa bakuli, ambao mwale unapita juu yake kwenda na kurudi. Oktavu ni ileile, maumbo ni mawili, na kati yake kuna mengine yasiyohesabika.

Mfano wa pili ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu unatoa maumbo ya kupendeza kwa malighafi ndogo sana. Tengeneza duara kwa kupeleka wimbi la sini la hezi 100 chaneli zote mbili, moja ikiwa nyuma ya nyingine kwa robo mzunguko. Juu yake ongeza duara dogo la hezi 500, lenye ukubwa kama theluthi ya lile la kwanza. Maduara yote mawili yakizunguka kuelekea upande mmoja, utapata umbo lenye pande nne zinazofanana. Geuza ishara ya lile dogo katika chaneli moja tu, ili lizunguke kinyume, na pande zitakuwa sita. Sikio, ambalo limesikia sauti mbili zilezile tangu mwanzo, halioni sababu ya kushangaa, ilhali jicho limeona nyota ikiota ncha mbili. Mtunzi anayefahamu jambo hili ana ala ya pili iliyojificha ndani ya ala yake ya kwanza: anaweza kushikilia sauti moja kwa dakika nzima na kuendesha tamthilia kamili kwa macho, au kubadili sauti huku umbo likibaki tulivu.

Kuna mahali pia ambapo viungo hivi viwili vinakubaliana kwa namna inayogusa moyo. Weka hezi 100 kushoto na hezi 100.1 kulia. Kwa kuwa tofauti ni sehemu ya kumi ya hezi, mawimbi hayo huachana na kurudi pamoja kila sekunde 10, na katika muda huo mstari wa mshazari hufunguka ukawa duaradufu, ukawa duara, ukajifunga kuwa mstari ulioinamia upande wa pili, kisha ukarudi kwa njia ileile. Mahali ambapo mawimbi ya spika mbili yanakutana sawasawa, sikio linasikia sauti ikivimba na kunywea kwa mzunguko huohuo wa sekunde 10: ina nguvu zaidi umbo linapokuwa mshazari mmoja, na inafifia linapokuwa mshazari mwingine. Hapa msikilizaji haambiwi na mtu kwamba sauti na nuru ni kitu kimoja. Anakigundua mwenyewe, polepole, na ndiyo maana nashauri mwanafunzi yeyote akae na zoezi hili kwa muda mrefu kabla ya kuongeza chochote.

Ukitoka kwenye jozi hiyo, jaribu uwiano wa 2 kwa 3, halafu 3 kwa 4, halafu 4 kwa 5. Uwiano wa namba ndogo, ambao sikio huupokea kama upatanifu, hutoa umbo lenye vitanzi vichache linalosimama. Namba zikizidi kuwa kubwa, vitanzi huongezeka hadi umbo linageuka wavu. Lakini nakuomba usiamini haraka kwamba kinacholipendeza sikio hulipendeza na jicho. Oktavu iliyopishana kidogo sana na uwiano wake inaweza kulichosha sikio huku umbo lake likizunguka kwa utulivu, na kelele tupu, ambayo sikio linaweza kuifurahia kama upepo, hutoa wingu la nukta lisilo na habari yoyote ndani yake baada ya sekunde chache.

Mipaka ya masafa lazima uielewe vizuri, maana inaamua ni sauti zipi unaweza kuzitumia. Sikio la kijana husikia kuanzia hezi 20 hadi karibu 20,000. Jicho huanza kuunganisha mwendo wa nukta kuwa mstari mmoja usiopepesa pale umbo linaporudiwa takriban mara 50 kwa sekunde au zaidi. Chini ya hapo huona kupepesa, na chini zaidi huona nukta inayotembea. Upande wa juu, anayeweka mpaka ni kioo. Projekta nyingi huuzwa kwa maelezo ya "nukta 30,000 kwa sekunde," na watunzi wengi hudhani kwamba kioo kinaweza kutikisika kwa hezi 15,000. Haiwezi kuwa hivyo. Kipimo hicho hutokana na mchoro wa majaribio wa ILDA, chama cha kimataifa cha maonyesho ya leza, unaochorwa kwa upana wa digrii 8 tu. Duara la katikati ya mchoro huo lina nukta 12, kwa hiyo kioo kinatakiwa kwenda na kurudi mara 2,500 kwa sekunde, na hata hapo kinaruhusiwa kupungukiwa na sehemu ya mwendo wake. Ukiupanua mchoro ujaze ukuta, kasi hiyo hushuka. Mimi, kwa maumbo makubwa, hubaki chini ya hezi 1,000 kwa sauti za msingi, na zile za juu zaidi naziruhusu zikiwa ndogo, kama nakshi ya ukingoni.

Kwa maneno mengine, kioo ni kichujio. Wimbi la mraba, ambalo sikio hulisikia kuwa kali, kwenye leza humtaka mwale aruke kutoka kona hadi kona papo hapo. Kioo hakiwezi, hivyo hupita lengo, hurudi, hutetemeka, na mota yake hupata joto. Usiipe projekta mawimbi ya mraba yenye nguvu kwa muda mrefu. Ukitaka ukali wa sauti hiyo, ipeleke kwenye spika, na kwenye vioo peleka nakala yake iliyochujwa. Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kuvunja umoja wa sauti na nuru. Sikubaliani nao, kwa sababu hata spika huchuja kwa namna yake, na hakuna anayelalamika.

Ngoma zinastahili neno lake. Pigo la ngoma ya besi la elektroniki ni wimbi la sini ambalo masafa yake huporomoka na ukubwa wake hufifia. Likitengenezwa kwa chaneli mbili zilizopishana robo mzunguko, linachora mzingo unaojikunja kuelekea katikati hadi kuwa nukta. Ni mojawapo ya maumbo mazuri mno katika sanaa hii, na pia ndilo la hatari kuliko yote.

Hatari hiyo inatokana na kanuni ileile niliyoanza nayo. Ikiwa sauti ni mwendo wa mwale, ukimya ni mwale uliosimama. Pale mtunzi anapoweka pumziko, nishati yote ya leza, ambayo sekunde moja kabla ilisambazwa juu ya mstari wa mita kadhaa, inakusanyika mahali pamoja. Projekta za maonyesho huwa na nguvu ya wati moja au zaidi, na leza yoyote inayozidi wati 0.5 iko katika daraja la 4, la hatari kuliko yote. Daraja la 2, ambamo kufumba jicho kwa silika ndani ya robo sekunde kunachukuliwa kuwa kinga ya kutosha, huishia miliwati 1. Mbele ya nguvu mara 1,000 ya hiyo, kope haliwahi. Kwa hiyo sharti la kwanza la kiufundi ni kwamba mwanga uwe na ishara yake yenyewe, inayozima mwale kila mwendo unaposhuka chini ya kiwango fulani, na projekta iwe na kinga ya ndani inayozima leza vioo vinapokwama. Sharti la pili ni swichi ya dharura mkononi mwa mtu ambaye hana kazi nyingine wakati wa onyesho. La tatu ni kuelekeza miale juu ya vichwa vya watazamaji, mbali na vioo, madirisha na vyuma vinavyong'aa. Na kazi ya kuupitisha mwale katikati ya hadhira waachiwe waendeshaji wenye mafunzo, vipimo na kibali. Wakumbushe na wapiga picha kwamba mwale mmoja unatosha kuharibu kihisi cha kamera.

Hiyo ishara ya mwanga, hata hivyo, si ya usalama pekee. Projekta ya rangi hupokea ishara tatu zaidi, za nyekundu, kijani na bluu, nazo pia zinaweza kuwa sauti. Ukiliwasha na kulizima duara la hezi 100 kwa wimbi la hezi 800, duara litakatika vipande vinane vilivyosimama. Ukilipandisha wimbi hilo kidogo sana, vipande vitaanza kutambaa. Ushauri wangu ni kwamba ufanye kazi kwa rangi moja mpaka maumbo yako yajitegemee. Rangi nyingi huwahi kulipendeza jicho, na kwa hiyo huwahi kuficha umbo lisilo na uhai.

Umeuliza pia, kwa namna fulani, kama ni lazima kimoja kimfuate mwenzake. Hapana. Robin Fox wa Australia amejenga kazi yake juu ya umoja kamili, ambapo umeme unaosikika ndio unaoonekana. Edwin van der Heide wa Uholanzi, katika kazi yake ya LSP (Laser Sound Performance) aliyoianza katika miaka ya 2000, hupeleka uhusiano huo ndani ya ukungu, ili duara liwe njia ya nuru inayomzunguka mtazamaji na mstari uwe ukuta mwembamba unaotembea. Robert Henke wa Ujerumani, mmoja wa waliobuni programu ya muziki ya Ableton Live, tangu mwaka 2013 amekuwa akionyesha Lumière, ambamo leza huchora mfululizo wa maumbo mafupi yanayolingana barabara na sauti, yakiwa karibu zaidi na maandishi kuliko na mtikisiko wa wimbi. Naye mtunzi na msanifu majengo Iannis Xenakis, katika Diatope iliyosimamishwa mbele ya Centre Pompidou jijini Paris mwaka 1978, aliweka leza nne, mamia ya vioo na taa za mweko zaidi ya 1,600 chini ya hema alilolisanifu mwenyewe, pamoja na muziki wa kanda wa chaneli saba, lakini hakutaka nuru iwe tafsiri ya muziki: kila kimoja kilikuwa na utunzi wake, na kukutana kwao kulitokea ndani ya mtazamaji.

Naamini kwamba msimamo wa Xenakis ni mgumu kuufikia bila kupitia kwanza umoja kamili. Mtu ambaye hajawahi kuona fezi ikigeuza nane kuwa upinde hana sababu ya kutenganisha sauti na nuru. Anazitenganisha kwa kutojua. Anayejua huanza na vyote viwili vikiwa kitu kimoja, akamzoesha mtazamaji kukiamini, kisha akaachilia kimoja kiende peke yake kwa muda, na mtazamaji anahisi kuachana huko kama tukio.

Usisahau umbali. Nuru hufika papo hapo, sauti hutembea karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo aliyekaa mita 34 kutoka kwenye spika huchelewa kusikia kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Ubongo huvumilia sauti inayochelewa kidogo kuliko inayotangulia, kwa kuwa ndivyo mambo yalivyo katika maumbile. Hatari halisi ni kinyume chake: vigeuzi vinavyotoa ishara ya leza kutoka kwenye kompyuta mara nyingi huhifadhi data kwanza, nuru ikachelewa nyuma ya sauti, na pigo la ngoma likaonekana baada ya kusikika. Pima uchelewaji huo, kisha icheleweshe sauti kwa kiasi hichohicho.

Kuhusu pa kuanzia, usianze na leza. Tafuta programu ya osiloskopu, yaani inayochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, inayoonyesha chaneli mbili moja dhidi ya nyingine, uifungue kando ya Pure Data, SuperCollider au programu yoyote inayokuwezesha kuzalisha mawimbi ya sini na kudhibiti fezi yake, na ufanye mazoezi niliyoyataja kwa mpangilio wake: mstari, duara, oktavu yenye nane na upinde, nyota ya pande nne na sita, kisha hezi 100 dhidi ya 100.1. Tunga kipande cha dakika tatu kisichokuwa na sauti zaidi ya mbili kwa wakati mmoja. Kikikuridhisha kwenye skrini, ndipo utafute mwendeshaji wa leza mwenye kibali na projekta iliyo na kiunganishi cha ILDA, ukimweleza mapema kwamba kadi nyingi za sauti huzuia volteji isiyobadilika, kwa hiyo umbo ulilolisogeza pembeni litateleza lenyewe kurudi katikati. Mtahitaji kadi inayoipitisha volteji hiyo au kigeuzi kilichoundwa kwa ajili ya leza, kama vile Ether Dream au Helios. Jaribuni kwanza kwa nguvu ndogo, ukutani, ukumbi ukiwa hauna watu, na mpe nakala ya kipande chako akiangalie kwenye osiloskopu kabla hajawasha chochote, ili akuonyeshe mahali ambapo mwale utasimama.